Ng'ombe wa Kwenu Aliitwaje?

Mtu akifika kwenye lango la gorofa yetu pale Huruma, Nairobi, kutafuta nyumba, keateka alimsogezea mkebe wa rangi uliopinduliwa, akamwambia akae, kisha akamuuliza ng'ombe wa kwao aliitwaje. Mgeni alikuwa amejiandaa kueleza anafanya kazi wapi, ana watoto wangapi, na amehama kutoka wapi. Keateka hakuwa na haja na hayo. Alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki chini ya ngazi, miguu ameinyoosha hata kila anayepita ilibidi airuke, na alichotaka ni utoto wako.

Tulimwita keateka kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa na mwenye nyumba: kushika funguo, kufagia ngazi, kufungulia maji ya tangi, na kuchagua wapangaji. Zile tatu za kwanza alizifanya ovyo. Ya nne aliifanya kama nabii aliyepakwa mafuta.

Niliishi orofa ya tatu, mlango wangu ukitazamana na ngazi, karibu miaka ya tisini yote. Waliohama pale tukikutana siku hizi husema alikuwa mzee mchangamfu, mpenda watu. Mchangamfu alikuwa, hilo silikatai. Lakini kupenda watu ni jambo jingine, na mimi nilimsikia akiwapenda kwa miaka mingi, kila siku, kupitia dirishani.

Maswali yenyewe yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililoudhi. Nani alikuwa anakuchapa nyumbani, baba au mama? Krismasi mlichinja nini? Ulianza kuvaa viatu ukiwa darasa la ngapi? Gizani ulikuwa unaogopa nini? Mtu ametembea kutoka Mukuru kwa Njenga asubuhi, amekataliwa kwenye malango mengine, miguu imejaa vumbi, halafu anatokea mzee wa kumuuliza kama nyanya yake alikuwa anajua hadithi. Niliwaona watu wazima wakilainika pale kwenye mkebe. Walianza kwa kujikunja, wakamaliza wakicheka peke yao, wakimweleza jinsi walivyotoka mbio usiku wa mvua kuokota kumbikumbi, au jinsi ndugu yao mdogo alivyoanguka kwenye mtungi wa uji. Keateka alitikisa kichwa taratibu, akafumba macho, akasema, "Endelea, kijana. Endelea."

Kanuni yake aliirudia mara nyingi hata watoto wa gorofa waliijua. "Mtu anaweza kukudanganya kuhusu kazi yake. Anaweza kukudanganya hata kuhusu mke wake. Kuhusu ng'ombe wa kwao, ulimi utamkwama."

Alichofanya na majibu ndicho nilichokidharau. Kulikuwa na askari wa usiku wa kiwanda kimoja, orofa ya pili, jitu la mabega mapana, ambaye siku ya kwanza alikiri kwamba utotoni aliogopa bundi. Tangu siku hiyo keateka alimlaki kila asubuhi kwa mlio wa bundi, mbele ya watoto wake wawili waliokuwa wakienda shule. Askari alicheka mwanzoni. Baadaye akawa anaingia kwa kuinamisha kichwa, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi.

Jirani yake alikuwa mjane, mshonaji wa sare za shule. Huyu alisimulia kwamba aliwahi kuchapwa kwa kulamba sukari kwenye kopo la nyanya yake. Miaka miwili ikapita. Siku moja shuka za mpangaji mwingine zikapotea kwenye kamba ya juu, na keateka akapanda ngazi moja kwa moja hadi mlangoni kwa mjane.

"Sikuja kwa ubaya, mama," akasema, sauti yake ikisikika orofa zote. "Ni wewe mwenyewe uliyeniambia mkono wako ulianza mapema."

Shuka zilipatikana jioni juu ya bati la kioski jirani, zilikopeperushwa na upepo. Hakumwomba mjane radhi. "Kuuliza si vibaya," alituambia, na akarudi kwenye kiti chake.

Yeye mwenyewe hakuulizika. Nilijaribu mara moja. Nilimkuta ametulia, amekula, ana kijiti mdomoni, nikamuuliza alikuwa mtoto wa namna gani.

"Mimi hapa ni keateka," akajibu. "Ukitaka kukaa kwenye kiti hiki, zungumza na mwenye nyumba."

Tulijua tu kwamba alitoka magharibi, kwa matamshi yake na kwa jinsi alivyoheshimu ugali. Kila Desemba, wapangaji walipofunga mizigo kwenda ushago, kwao mashambani, alisimama langoni na kumwambia kila mmoja awasalimie wazee na akanyage umande kwa niaba yake. Yeye hakwenda. Katika miaka yangu yote pale sikumwona akipanda basi la magharibi hata mara moja. Mtu aliyehubiri ushago kama msikiti na kanisa kwa pamoja alikula Krismasi zake chini ya ngazi, akisikiliza redio ya kaseti ya mpangaji aliyesafiri.

Nimtendee haki kwa jambo moja. Maji yalipokauka, na yalikauka sana, alimbebea mitungi mama mmoja mgonjwa hadi orofa ya nne. Lakini hata hapo alipumzika kwenye kila kibaraza na kumuuliza yule mama, aliyekuwa akimfuata akishika ukuta, kama kwao maji yalikuwa ya mto au ya kisima.

Kundi moja la watu hakuwavumilia kabisa, nao ni wale waliozaliwa mjini. Aliwaita watoto wa lami. Kwake mtu aliyekulia Nairobi hakuwa na utoto, alikuwa na umri mdogo tu. Na kwa kuwa Istilendi nzima, mitaa yote ya mashariki mwa jiji, ilikuwa inajaa watu wa namna hiyo, kazi yake ilizidi kuwa ya kipuuzi mwaka hadi mwaka. Alimkataa mwalimu wa chekechea aliyejibu kwamba kwao walikuwa na paka. Akampokea bwana mmoja mwenye koti ambaye ng'ombe wao, kwa maelezo yake, alilia machozi siku babu alipozikwa. Keateka alilia pia. Yule bwana alihama alfajiri moja bila kuaga, akaenda na mabomba ya choo cha chini pamoja na kufuli la lango.

"Lakini ng'ombe wake alikuwa wa kweli," keateka alisema, akiwa amesimama kwenye maji yaliyofika kwenye vifundo vya miguu.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Maina. Alikuwa kijana mwembamba, fundi wa akala, viatu vya matairi, pale soko la Kariokor, na mkewe Beti alikuwa na mimba iliyokaribia miezi yake. Banda walilokuwa wakiishi lilikuwa limebomolewa. Walikuwa wanalala kwa mama yake Maina, chumba kimoja kilichokuwa na wapangaji wengine wawili na pazia katikati. Mama huyo aliuza chai kwa mafundi wa sokoni, na alikuwa amemlea Maina peke yake kwa birika hiyo. Kijana alikuwa anataka chumba kabla mtoto hajazaliwa. Hakuwa na ombi lingine duniani, na orofa yetu ya tatu ilikuwa na chumba kitupu, mkabala na changu.

Nilisikia mahojiano yote.

"Ng'ombe wa kwenu aliitwaje?"

"Hatukuwa na ng'ombe, mzee. Mimi ni wa hapa hapa. Nimekulia Kariokor."

"Nakuuliza kwenu."

"Ndiyo hapo, mzee."

"Hapo ni sokoni. Baba yako anatoka wapi?"

"Baba simjui. Namjua mama."

"Na mama yako kwao ni wapi?"

"Naye alizaliwa hapa. Mama yake alikuja zamani, akafia hapa."

Keateka akainuka, akachukua mkebe wake kama mtu anayeondoa sahani. "Chumba kimeshachukuliwa, kijana," akasema. Chumba kilikuwa wazi na mlango wake ulikuwa ukipigapiga kwa upepo.

Beti alikuwa amekaa nje juu ya ukingo wa mtaro, mikono tumboni. Aliyewaona wakiondoka ni Baba Njoki, seremala wa orofa yetu aliyehamia pale kabla ya keateka kupewa kazi, mtu mpole aliyetoka milima ya kati na aliyekuwa akitumia likizo zake zote kwenda kupalilia kahawa ya mamake. Akawaita. Jumapili hiyo, ndani ya chumba chake, kati ya viti ambavyo havijapigwa msasa, alimkopesha Maina utoto wake.

"Ng'ombe wetu aliitwa Meri," alianza. "Alikuwa na pembe moja."

"Ile nyingine ilienda wapi?"

"Alivunja kwa ukuta wa zizi. Alikuwa na hasira."

"Hasira ya nini?"

"Nitajuaje? Nilikuwa na miaka saba. Sema alikuwa na hasira tu, keateka atapenda."

Akamfundisha baridi ya asubuhi ya kule, jinsi inavyokufanya ukojoe miguuni upate joto. Akamfundisha kupeleka maziwa barabarani kabla ya shule na kuyatia maji njiani ili kuficha yale uliyokunywa. Akamfundisha nyanya ambaye hakuwahi kumwona. Beti alicheka hadi akashika mbavu. Maina alirudia kama mtu anayejifunza sala, na alipokosea jina la mto, binti wa seremala alimsahihisha kutoka chini ya meza.

"Atajua ni uongo," Maina akasema. "Mikono yangu si ya shamba."

"Mikono yako imejaa makovu," akajibu Baba Njoki. "Inatosha."

Wiki iliyofuata Maina alirudi, akaomba msamaha, akasema siku ile aliona haya kutaja kwao kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Keateka akasogeza mkebe. Maina akampa Meri, pembe, zizi, baridi na maziwa. Mzee alifumba macho. Mwishoni akamshika mikono, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya yale makovu yaliyoachwa na kisu cha kukatia matairi.

"Nepia," akasema kwa huzuni. "Nyasi hizi zinakata kama wembe. Mungu alipe jasho la watoto."

Akatoa ufunguo. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau dakika hiyo, naye akiwa na machozi ya kweli machoni.

Kukopa utoto ni rahisi, kuutunza ni kazi. Keateka alimpenda Maina kuliko wapangaji wote, kwa hiyo alimuuliza kila siku. Meri alizaa mara ngapi? Nyanya bado yupo? Maina alipitia kwa seremala kila jioni kuchukua majibu ya kesho. Hayo yote tuliyachekea. Kilichotuondolea kicheko ni kuzaliwa kwa mtoto.

Alikuwa msichana, na mama yake Maina akaja siku ya pili kumwogesha, na chupa ya uji wa Beti ameifunga kwenye kitenge. Keateka alimsimamisha langoni. Maina alikuwa anateremka ngazi kumpokea.

"Huyu ni nani, Maina?"

Yule mama alimtazama mwanawe, akingoja. Walikuwa wamefanana kama vipande vya tairi moja: paji lile lile, sikio lile lile lililochomoza. Lakini mama yake Maina, kwa keateka, alikuwa kule mlimani na kahawa yake.

"Ni mama mmoja wa kanisa," Maina akasema. "Anatusaidia na mtoto."

"Vizuri. Karibu, mama wa kanisa."

Mama akapita. Nilimwona akipanda ngazi mbele ya mlango wangu, na uso wake haukuwa na lolote. Nikasikia akimwogesha mtoto na kumwimbia.

Alikuja hivyo kwa wiki kadhaa. Kila asubuhi alisalimiwa mama wa kanisa, kila asubuhi aliitikia. Kisha mtoto akapewa jina, na kwa desturi yao binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba. Akaitwa Wairimu. Keateka alikuwa anaijua desturi hiyo. Mtu yeyote aliyeishi Huruma na majirani anaijua. Alifurahi sana.

"Kwa hiyo nyanya kule kwenu ni Wairimu," alimwambia Maina. "Utampelekea lini mtoto amwone?"

Siku hiyo hiyo Baba Njoki, akiteremka na ubao begani, akakutana na mama langoni na kumwamkia kama alivyomzoea. "Umeamkaje, Wairimu?"

Sote tuliokuwa kwenye ngazi tuligeuka. Keateka alimtazama mama. Akamtazama Maina. Nilidhani sasa, hata yeye, sasa ataona.

"Na wewe ni Wairimu?" akauliza. "Basi mtoto ana bahati. Amepata wawili."

Huyo ndiye mtu aliyejigamba kwamba anawasoma watu.

Mama hakuingia. Alimkabidhi Maina ile chupa ya uji pale pale, mbele yetu, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Mimi nimekulea bila mtu wa kunishika mkono. Mpeleke mtoto kwa huyo nyanya mwingine. Kama ni lazima niwe mgeni ndio nimwone, nitakaa bila kumwona." Akageuka akaenda zake kwa miguu, na keateka akasema akina mama wa kanisa ni wepesi wa hasira.

Maina alikaa ndani siku mbili bila kwenda kazini. Ya tatu akateremka na mtoto mkononi, akasimama mbele ya kiti cha plastiki. Nilitoka nje ya mlango wangu, na wengine walitoka.

"Mzee," akasema, "yule mama ni mama yangu. Mimi sina ushago. Sijawahi kukata nepia. Haya makovu ni ya kisu."

Mjane alikuwa amesimama na sare aliyoishona nusu mikononi. Nilipoona midomo ya keateka ikitetemeka niliamini, kwa ujinga wangu, kwamba aibu imempata.

"Na Meri?" akauliza.

"Meri ni wa Baba Njoki."

Keateka akainua macho hadi orofa ya tatu, alikokuwa seremala. "Wewe," akasema, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa, "ulikuwa na ng'ombe kama yule miaka yote hii, na hukuniambia."

Askari wa usiku akaangua kicheko, cha kwanza nilichomsikia kwa miaka. Watu wakacheka hadi orofa ya nne. Maina hakucheka, wala keateka. Mzee alinyoosha mkono kuomba ufunguo. Alisema hamfukuzi kwa ajili ya uongo, kwa kuwa kila mtu hudanganya. Anamfukuza kwa sababu mtu asiye na kwao hatakuwa na pa kupelekwa akifa, na yeye keateka hataki matatizo ya maiti kwenye gorofa ya mwenyewe. Mtoto alikuwa amelala begani kwa baba yake wakati anayasema hayo.

Walihama kwa mkokoteni mwisho wa mwezi. Baba Njoki aliusukuma. Kwa wiki nzima keateka alijaribu kumkalisha seremala kwenye mkebe, na seremala alipita kila mara akiiruka miguu yake.

Gorofa iliuzwa miaka kadhaa baadaye, na mwenye nyumba mpya akaweka kijana aliyeuliza kazi na kitambulisho tu. Keateka akaondoka. Wapangaji wachache walimchangia nauli ya kwenda kwao, na baadaye tukasikia ameonekana Mukuru, halafu Kayole, halafu tukaacha kusikia.

Nilimwona tena Kariokor, mchana mmoja nilipokwenda kutafuta mkanda wa mkoba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, kwenye kibanda cha Maina, mguu wa kulia juu ya kipande cha tairi. Alikuwa amekonda lakini macho yalikuwa mazima. Alikuwa akisoma maandishi ya ukuta wa mbali kwa sauti. Maina alikuwa amechuchumaa akiuchora ule mguu kwa chaki. Aliponiona, aliweka kidole mdomoni. Nikaelewa kwamba mzee hajamtambua. Alikuwa na uso wa kijana yule mbele yake, na hakuujua. Mimi pia alinitazama kama mpita njia.

"Unachora vizuri, kijana," keateka alikuwa anasema. "Nani alikufundisha? Ulikuwa na umri gani?"

Maina akaendelea kuchora. Mama yake alikuwa anapita kati ya vibanda na birika na vikombe vilivyoning'inia vidoleni. Nyuma yake alikuwepo msichana mwenye sare ya shule, akibeba sukari. Mama akasimama. Alimtambua mara moja, niliona. Akamimina chai, akampa.

"Asante, mama," mzee akasema. Alimtazama, akamtazama fundi, akajinyoosha kidogo kama zamani chini ya ngazi. "Huyu kijana ni wako?"

"Ni wangu," mama akasema.

"Na huyu mdogo?"

"Wa kwake. Kwa hiyo naye ni wangu."

"Vizuri sana. Na kwenu ni wapi, mama?"

"Hapa."

Keateka alifumba macho, akangoja aendelee. Mama alikuwa ameshafika kibanda cha pili, anamimina. Maina akamgonga mzee kwenye kifundo kwa mpini wa kisu.

"Mguu mwingine," akasema.